Giza la Zamoyoni

Mchuja-nuru, mashine ya Kituo cha Anga cha Same, ilivuta picha za kale kutoka hifadhi ya darubini ya angani, ikazisafisha moja baada ya nyingine. Ilifuta michirizi ya chembe, ikasawazisha mwanga, ikazipanga zote juu ya nyota ileile. Ghafla ikasimama.

"Picha za giza hazipo," ilisema.

Dakta Nakiete Mshana alishusha pumzi. Darubini ikipata joto hujizulia mwanga usiotoka popote, na uongo huo hauondolewi ila kwa picha zilizopigwa kope yake, yaani kifuniko cha jicho lake, ikiwa imefungwa kabisa. Bila hizo, asingejua kama sayari hafifu inayoizunguka nyota ile ina mvuke wa maji. Na chombo cha anga kilichombeba Mbazi, mdogo wake, pamoja na familia nyingi za wahamiaji, kilingoja jibu lake ili kielekee huko au kipite.

"Tafuta hata katika zilizotupwa."

Ukapatikana mfululizo wa weusi mtupu, ulioandikwa "hitilafu ya kope". Kama kope ilikwama nusu, mwanga ulipenya, na picha hazifai. Nakiete akampigia Mzee Chambulila, mwendeshaji mstaafu wa darubini ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Bado mnatuhitaji? Nilidhani mmeshaunda hata roboti wa kustaafu."

Nakiete alicheka, kisha akamweleza shida yake.

"Kope haikukwama. Niliifunga mwenyewe, ikafunga barabara."

"Kwa nini?"

"Zamoyoni, fundi wetu, alikuwa nje angani akiitengeneza darubini. Kamba ikamkatikia. Tulimwona akielea akienda zake, hatukumfikia." Sauti ilififia. "Maiti hufumbwa macho, mwanangu. Yeye angefumbwa na nani? Tukaifumba darubini zamu nzima. Kamera tulisahau kuizima. Wakubwa tukawaambia ni hitilafu."

Nakiete akaigeukia Mchuja-nuru. Taratibu akaliondoa giza lile katika mwanga wa nyota. Uongo ukayeyuka, na katika mstari wa rangi za mwanga pakabaki bonde dogo, pale mwanga ulipomezwa, bayana: mvuke wa maji. Akatuma jibu chomboni, kisha akairudia simu.

"Mzee, Zamoyoni aliacha mtoto?"

"Binti mmoja. Yuko Mwanga mjini."

"Nipe namba yake. Nataka kumpa pole."

"Leo? Miaka yote hii?"

"Pole haichachi, mzee. Na shukrani pia ninayo."