Sherifu Hauguzwi

Ndugu zangu mlio mbali na kwenu, sogeeni kidogo, maana jambo hili linatuhusu sote. Mwaka wa tisini na tano, nyumba ya Bertin na Antoinette pale Koekelberg, huku Ulaya, ilikuwa nyumba ya kupigiwa mfano. Jumapili misa imekwisha, sombe ya majani ya muhogo na samaki vimeliwa, Jémima, binti yao wa kwanza, na wadogo zake wamekwenda kwa wenzao, na dirishani kuba la kijani la basilika limetulia juu ya miti. Bertin yuko kwenye kiti chake, kanda ya video imo mashineni, na makoboi wanatimua vumbi.

Antoinette akainama kuokota sahani, na pua yake ikashtuka. Alidhani ni samaki. Akanusa sahani: hapana. Harufu ilitoka miguuni kwa mumewe.

"Papa Jémima, muguu iko na nini?"

"Haina kitu."

"Na hii harufu?"

"Kiatu ya kazi. Ile mupya."

"Twende basi kwa docteur."

"Mama Jémima. Nimesema."

Msomaji, umjue mtu huyu. Bertin alikuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali kubwa kule Jette. Lakini Jumamosi, kwenye mikutano ya chama cha watu wa Bukavu, yeye ndiye aliyekuwa Président, na uongozi wake aliutoa wapi? Kwa sherifu wa filamu za makoboi! Watu wakigombana, yeye husimama polepole, hupandisha mkanda wa suruali, hutazama mbali, kisha husema maneno mawili, na ukumbi hunyamaza. Hakuwa mtu mbaya. Alipatanisha wengi. Ila hakumuuliza mtu chochote, wala hakumwambia mtu chochote. Lucien, makamu wake, hata ufunguo wa ukumbi hakuwahi kuushika.

Antoinette hakukasirika. Yeye alikuwa mwanamke wa kutaka kujua, na swali likimwingia humkaa kooni kama mfupa. Kwa nini mume wake analala na soksi? Kwa nini anazifua mwenyewe, mtu ambaye hajawahi kusuuza kijiko? Na hata kwenye video kulikuwa na kioja. Kila mara sherifu akipigwa risasi, na mwanamke akiingia na beseni la maji, Bertin hubonyeza rimoti. Picha hukimbia mbio, na ikitulia sherifu yuko juu ya farasi, mzima kama chuma.

"Mbona hapa unarukisha kila mara?" alimuuliza siku hiyo.

Bertin akacheka, jambo la nadra. "Tulikuwa batoto kule Bukavu, Padiri Dirk anatuonyesha sinéma ku ukuta ya paroisse. Bon, mwanamuke akiingia mu chumba ya shérif, Padiri anaweka mukono mbele ya mashine. Giza! Akitoa mukono, shérif amesha kupona, iko juu ya farasi. Alors sisi tunapiga makofi."

"Na alipona namna gani?"

Bertin akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Ni chef. Anapona tu."

Jibu hilo halikumtosha Antoinette. Kesho yake, mumewe alipokuwa kazini, aliitia kanda ile mwenyewe na kuiacha iende. Sherifu akapigwa risasi. Mwanamke akaingia na beseni. Antoinette akasubiri hiyo dhambi ambayo padri aliwaficha watoto wa watu. Haikuja. Badala yake mwanamke alichana shati, akaosha kidonda, akamwita mganga. Wakaja mhunzi na wanaume wengine, wakamshika sherifu mabega na miguu, naye akalia. Sherifu! Analia na machozi, anamwomba mwanamke asimwache.

Kumbe! Antoinette aliirudisha nyuma akaitazama tena. Alijikuta anawafikiria watoto wote wa ule ukuta wa parokia, ambao leo ni mababa wenye ndevu, wanaongoza nyumba na vyama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona jinsi sherifu anavyopona. Ndipo hofu ilipomshika kweli.

Bertin aliporudi, alikuta beseni la maji ya vuguvugu sebuleni, na mkewe amekalia rimoti.

"Leta télécommande, Mama Jémima."

"Nitakupa akisha kupona. Leo tunaangalia yote."

Wakatazama. Bertin hakupandisha mkanda, hakutazama mbali. Mganga alipomaliza, Bertin akautazama mguu wake mwenyewe.

"Kumbe alilia."

"Alilia, na bantu bakamushika. Hakuna mwenye alimucheka. Lete muguu."

Akavua soksi. Jamani! Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi, na ngozi pembeni yake imefungwa na kitambaa kilichogandamana na usaha. Bertin alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kiatu kilikuwa kimemla bila yeye kuhisi.

"Haiumi," alisema, machozi yakimtoka. "Njo maana niko naogopa. Bantu ba namna hii, miye mwenyewe nabasukuma kila siku. Banarudi bila muguu."

Antoinette alilia naye, kisha akaita teksi. Hospitalini, mwenzake wa kazi alikisukuma kitanda, na safari hii Bertin ndiye aliyelala juu yake. Walimkata vidole viwili. Daktari akasema wazi: wangechelewa kidogo tu, ungekatwa mguu wote. Bertin akamwita Lucien, akampa ufunguo wa ukumbi.

Alirudi mkutanoni na fimbo. Hakusimama. Alisema akiwa ameketi, karibu na mkewe: "Miye niko na sukari. Nilificha, karibu nikufe. Nani mwingine?"

Papa Jean-Baptiste, mmoja wa wazee wa chama, akainua mkono. Nyuma yake mwingine. Na mwingine. Wake zao waligeuka kuwatazama, midomo wazi, kwa maana hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari.

FUNZO

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeongoza nyumba au chama naye ana mwili, na mwili haujui cheo. Baba akiumwa aseme mapema, tena amwambie mkewe kwanza. Ukiwa kiongozi na hakuna anayejua hali yako wala kazi yako, siku ukianguka utaanguka na watu wako wote. Akina mama, mkijibiwa "haina kitu", ulizeni tena. Nanyi mnaofundisha watoto, msiwafiche mtu anavyouguzwa, kwa maana wataona haya kuuguzwa hadi uzeeni. Kama una kidonda, kionyeshe leo.