Mgeni wa Boritini

Harufu ya lami ilianza kushuka kutoka darini kwa Soud na Zuwena, hapo Rotherhithe, London, mwaka wa 1972, na hakuna aliyekuwa akitengeneza barabara. Kisha boriti zikaanza kulia taratibu, kama kitanda cha mtu asiyepata usingizi. Zuwena angevumilia, mtu aliyekimbia Unguja na sanduku moja hatishwi na dari. Lakini kila boriti zilipolia, mwanawe wa miezi mitatu alipumua kwa tabu, na kifuani mwake yakasikika maji. Daktari alimpima, akasema mzima.

"Boriti hizi ni za meli," Soud alinong'ona. "Mwenye nyumba alijisifu kwangu. Ilizunguka dunia enzi za matanga, ikaja kukatwakatwa hapa mtoni."

"Na wewe ukakubali tupange?"

Walimwita Ameir, mganga wa Makunduchi ambaye siku hizi aliosha mabasi Peckham. Alifukiza ubani mchana kweupe. Soud akaanguka kwa magoti, na sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, imechoka, ikisema ilipanda meli ile Bombay ndani ya marobota ya pamba, ikabeba chai, ikapeleka wafungwa Australia, ikalala juu ya mapipa ya mafuta ya nyangumi, ikazika manahodha baharini, na sasa meli imefanywa dari, haina upepo, na humu ndani pumzi changa ni moja tu, nayo itaichukua ijaze matanga.

Zuwena alimkumbatia mwanawe.

"Tusimfukuze," Ameir alinong'ona. "Akifukuzwa ataondoka na mtoto. Mama mtu, msindikize kama mgeni mpaka mtoni. Muage kwa adabu, urudi. Mtoto niachie mimi."

Zuwena akatoka, akapita katikati ya watu na vikapu vyao vya Jumamosi, asithubutu kugeuka, na nyuma yake nyayo zilizoroa zikipiga lami ya njia, zikisimama aliposimama, zikiharakisha alipoharakisha, mpaka kwenye ngazi za mto, ambapo kitu baridi kikampita begani, kikashuka, na maji yakafunguka yakafunga.

Uzito ukamtoka kifuani. Alifurahi, jamani.

"Safari njema," alisema, kwa adabu aliyolelewa nayo. Na kabla hajajijua akamalizia kama anavyomwambia kila mgeni: "Karibu tena."

Sikioni mwake kitu kikajibu, kwa upole: "Ahsante, mama. Nishakaribia."

Zuwena alikimbia. Nyumba ilinuka lami tena, na pumzi ya mtoto haikusikika. Ameir alimpokea mlangoni, akamzuia asiingie chumbani kwa mtoto.