Kabati Lililoziba Meko

Aliyemwambia Corinne kwanza alikuwa bintiye Maren, wa miaka mitano, huku akilamba siagi ya karanga kidoleni.

"Mama, yule wa kabatini anasema kitanda changu ni kifupi."

"Nani wa kabatini?"

"Sijui jina lake. Miguu yake inatokeza."

Corinne alicheka kidogo, akamfuta mdomo. Hata hivyo hakumrudisha kule chumbani mchana ule.

Nyumba yao ya mjini Duluth ilikuwa na chumba kimoja cha kulala na chumba kidogo cha mapumziko, ambamo marehemu babu yake Corinne alikuwa akisoma gazeti. Baada ya talaka, hakimu alisema Maren atakaa kwa mama yake iwapo kila mmoja wao ana chumba cha kulala. La sivyo, atapelekwa kwa baba yake, mjini Fargo. Na chumba kisicho na kabati la ukutani hakihesabiwi cha kulala, hata ukipanga humo vitanda vitatu. Ndipo jirani yao Wendell, seremala, akajenga kabati kwa siku mbili, kwenye pembe ya chumba hicho kidogo, palipokuwa na meko ya zamani ya kuotea moto na bomba lake la moshi, na kitanda cha Maren kikawekwa humo. Mkaguzi wa mahakama angefika kesho yake saa tatu asubuhi.

Giza la Novemba liliingia saa kumi na nusu, mapema kama kawaida ya kaskazini. Corinne alikwenda kukunja nguo za Maren, akakutana na harufu ya majivu baridi na sufu iliyolowa. Ndani ya kabati, henga za nguo zilikuwa zinasogea. Zilisogea moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayechagua cha kuvaa, na yeye akasimama na soksi ndogo mkononi akingoja zinyamaze, na zilipokwisha kunyamaza alifungua mlango, akaona henga tupu, na sakafuni, juu ya mbao mpya ambazo hazijakanyagwa na mtu, majivu yenye alama ya unyayo mrefu kupita wa binadamu, vidole vimeelekea kitandani.

Wendell alikuja na viatu vyake vya kazi. Alitazama sakafu, akavua kofia.

"Mimi ni seremala, Corinne, si padri," alinong'ona.

"Sikukuita uniombee. Nataka uniambie ulifunga nini humu."

"Nilifunga meko. Babu yako hakukubali mtu alale hapa. Alisema hapa ni pa kukaa tu, kuna kitu hupita kwenye bomba la moshi, kikikuta watu wameketi kinaenda zake."

"Na hukuniambia?"

"Mzee yule alikuwa anawasalimia hata kunguru. Nilidhani ni yale yale."

Aling'oa mbao za nyuma, misumari ikitoka baridi kama barafu, mpaka tundu jeusi la meko likaonekana. Wakangoja. Hakuna kilichotoka. Badala yake, mlango wa kabati ulijivuta taratibu, ukajifunga kutoka ndani.

"Kimepewa chumba," Wendell alisema, midomo imemkauka. "Hakina haja ya kupita tena. Kinangoja wa kulala naye."

"Tulivunje, basi."

"Ukilivunja, kesho mkaguzi anahesabu chumba kimoja."

Corinne aligeukia mlango. Sebuleni, Maren alikuwa akimwimbia mwanasesere wake.

Asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri, Corinne alisukuma kitanda cha mtoto hadi kwenye chumba alichokuwa akilala yeye mwenyewe, chenye jua na kufuli. Akabeba nguo zake zote, makoti, gauni la kanisani, viatu, akazipanga katika lile kabati, bila kuangalia nyuma ya nguo. Kisha akakihamishia humo kitanda chake kirefu, akakitandika chini ya dirisha.

Mkaguzi alifungua kabati, akapima kwa macho, akaandika.

"Vizuri. Na hiki ni chumba cha nani?"

"Changu," alisema Corinne.

Nyuma ya makoti, kitu kilishusha pumzi ndefu, kama aliyesubiri sana.

Mkaguzi akageuza ukurasa.