Povu Lililoenguliwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Delfina aliwafungulia zizi llama, wanyama wao wa sufu, akawasha moto wa mavi makavu, kisha akamchemshia baba yake chai ya majani ya koka. Zamani kazi hizo zilikuwa za mama yake, Marselina. Tangu mama afariki wakati wa mavuno, nyumba yao ya udongo kando ya uwanda wa chumvi ilikuwa imepoa kama jiko lililosahauliwa.

Asubuhi hiyo haikuwa ya shule. Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Saa sita mchana roho za marehemu zingerudi nyumbani kula kwenye meza walizoandaliwa, na kesho yake saa sita zingeondoka. Baba, Primitivo, alikuwa ameshatandika kitambaa cheusi mezani na kupanga mikate yenye sura za watu.

"Mwanangu, mpikie mama yako uji mzito wa kwinoa," alisema. "Wa maziwa na jibini, kama alivyoupenda. Lakini uzioshe punje vizuri."

"Ndiyo, baba."

Kwinoa, nafaka ya punje ndogo, ina ganda chungu. Mama alimfundisha kuifikicha majini, kumwaga maji na kutia mengine, hadi povu liishe kabisa. "Povu likiwapo, uchungu upo," alizoea kusema, huku mikono yake ikigongana na ya Delfina ndani ya beseni. Sasa mikono ya Delfina ilikuwa peke yake, na maji yalikuwa baridi ya kukata vidole.

Hilaria, binti wa jirani, alichungulia juu ya ukuta. "Wee Delfina! Unaosha kwinoa au unaibatiza? Njoo golini bwana, bila wewe tunafungwa kama magunia!"

"Nakuja!"

Delfina alitazama beseni. Povu lilikuwa bado zito. Akamwaga maji hayo na kuzitia punje chunguni hivyo hivyo. Uji ulipochemka, povu likapanda tena. Akaliengua kwa upawa na kulitupa nyuma ya nyumba.

"Umeosha vizuri?" baba aliuliza.

"Mpaka maji yakawa safi, baba," alijibu, akakimbilia mpirani.

Alasiri majirani walikuja kumwombea marehemu. Kwa desturi, anayesali hupewa chakula alichokipenda aliyefariki. Mama mkubwa Basilia, dada yake marehemu, ndiye aliyeonja kwanza. Alitema kwenye leso.

"Mh! Chungu kama nyongo! Shemeji, Marselina amekuja na kinyongo."

Majirani waliweka mabakuli yao chini.

"Alipokuwa anakata roho ulikuwa wapi?" Basilia aliendelea. "Si huko unachimba chumvi! Unadhani amesahau?"

Primitivo alivua kofia. "Ni kweli. Sikumuwahi." Akapiga magoti mbele ya meza. "Marselina, nisamehe, mke wangu." Mabega yake yakaanza kutikisika. Hata makaburini Delfina hakumwona baba akilia.

Delfina alimtazama. Akisema, kijiji kizima kingejua kwamba alimdanganya hata mama yake marehemu. Akinyamaza, baba angeubeba mzigo huo maisha yake yote. Ee Mungu, nifungue mdomo, aliomba kimoyomoyo.

"Baba, inuka. Si mama. Ni mimi. Sikuosha vizuri. Niliengua povu nikaenda kucheza."

"Mtoto wewe!" Basilia alimaka. "Hata maiti unaidanganya?"

"Taratibu, mama," alisema Mwalimu Filemoni, ambaye naye alikuja kusali. Akamgeukia Delfina. "Unajua kwa nini kuengua hakukusaidia? Ule uchungu ni chembe ndogo mno, hazionekani kwa macho. Kila moja ina mgongo kama wa mafuta unaoyakimbia maji, na matawi ya sukari yanayoyapenda. Zikiingia majini, hakuna anayezipanga. Zenyewe hukumbatiana zikawa vitufe, migongo ndani, matawi nje. Nyingine hupanda juu kushika hewa, ndilo povu. Wewe ulitoa za juu tu. Zilizojificha zikabaki chunguni."

Aliusogeza ule uji kando. "Uongo nao ni hivyo hivyo, binti yangu. Nje sukari, ndani umekunja usichotaka kionekane. Anayekuja kuuonja ni mtu mwingine."

Basilia aliinamisha kichwa. "Shemeji, nisamehe. Ulimi wangu umekuwa mchungu kuliko huo uji."

Kesho yake asubuhi waliosha kwinoa nyingine watatu pamoja. Mikono mipana ya baba, iliyochanjwa na chumvi, iligongana na ya Delfina ndani ya beseni, naye akauma mdomo asilie. Basilia alileta maji, akaleta tena, bila kulalamika.

Karibu na saa sita baba alionja. "Huu sasa ni wake," alisema, akauweka mezani. Kisha akamshika Delfina bega. "Ungenyamaza jana, ningezeeka nikiamini amenikasirikia. Kosa la kuosha vibaya linaoshwa kwa maji, mwanangu. Kosa la kusema uongo huoshwa kwa ukweli tu, nao usiucheleweshe mpaka mwenzio amekwisha kuumia."

Kengele ya kanisa ikalia. Walisimama wakasali, na Marselina akaondoka kwa mwaka mzima.

Delfina alitoka nje kulisuuza beseni. Alikoroga maji kwa mkono, akatazama kwa muda mrefu. Hapakuwa na povu.