Walinifanya Dawa ya Madamu Irma

Wasomaji wenzangu, nawasalimu. Jina langu Mwamini, mama wa miaka sabini na kidogo, mzaliwa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi. Sikuolewa. Sina mtoto. Wasichana wa barabara yetu huniuliza ilikuwaje mama mzuri kama mimi nikabaki hivi, nami hucheka tu na kubadili maneno. Leo sitabadili. Nimesoma mikasa ya wengi wenu, nikalia pamoja nanyi... sasa upokeeni na wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mji ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville, wakati wa Wabelgiji, Mzungu na mtaa wake, mweusi na mtaa wake. Baba yangu, mtu wa asili ya Maniema, alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwetu, kanzu kwa Waislamu wenzake na suruali kwa kila mtu. Mama alifariki tukiwa wadogo. Tulibaki watatu: Baba, mimi, na mdogo wangu Zaina, ambaye nilimbeba mgongoni hata majirani wakaniita mama Zaina ningali mtoto mwenyewe.

Nilikuwa na mchumba. Jina lake Ramazani, kijana wa karakana ya reli, mpole, mwenye kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Mahari ilikwisha kupokelewa. Tulingoja tu mwezi wa mfungo upite, tuoane.

Ndipo nikapata kazi kwa watawa.

Walikuwa na nyumba ya wazee huko mjini kwa Wazungu. Wazee wenyewe walikuwa Wazungu waliokosa jamaa wa kuwatunza: wajane, waliopooza, wengine akili zimewatoka kabisa. Baba alifurahi. Aliniambia ni kazi ya heshima, kazi chini ya paa, si kama kuuza ndizi juani.

Heshima! Asubuhi tulimwaga vyombo vya haja. Kisha tuliosha miili, tukabadili mashuka, tukawageuza wagonjwa ubavu huu na ubavu ule wasioze mgongo. Kisha kulisha, kijiko kwa kijiko. Mzee mmoja alinitemea supu usoni. Mwingine alinipiga kofi kila nilipomfunga kitambaa shingoni, halafu akaniomba nisiondoke!

Lakini niseme kweli: niliipenda kazi ile. Mtu mzee ukimwosha vizuri, ukamkausha katikati ya vidole vya miguu, ukampaka poda, hutulia, hata uso wake hubadilika. Mikono yangu ilijua kufanya hivyo. Je, ni kosa mtu kuwa na mikono mizuri?

Siku moja aliletwa Madamu Irma, mjane wa fundi wa reli. Nusu ya mwili wake ilikufa, na akili ilikuwa inakuja na kwenda. Hakukubali mtawa yeyote amguse. Alipiga kelele, alikataa chakula, alijikwaruza mpaka damu. Mimi nilipoingia na beseni la maji, alinyamaza. Alinishika mkono na kuniita, "Simone..."

Simone alikuwa binti yake, aliyekufa kwa homa akiwa msichana. Mimi na weusi wangu huu! Watawa walicheka mpaka machozi. Lakini siku ile Madamu Irma alikula sahani nzima kutoka mkononi mwangu, na kicheko kikaisha.

Mtawa mkuu tulimwita Mamere, yaani "mama yangu" kwa Kifaransa. Alikuwa amejua Kiswahili chetu, ambacho "ndiye" ni "njo", kwa miaka mingi. Aliniita pembeni akanishika bega.

"Mwamini, weye iko mutoto muzuri sana," alisema. "Weye njo dawa yake. Bila weye, huyu mama atakufa."

Nilivimba kichwa! Msichana wa Kamalondo kuambiwa maneno hayo na mkubwa wa watawa! Nilimsimulia Baba, Baba akawasimulia wateja wake wote.

Sikujua kwamba nimekwisha kufungwa.

Kwanza walisema nichelewe kidogo jioni, mpaka Madamu asinzie. Lakini zamani zile, jua likishatua, mtu mweusi hakuruhusiwa kuonekana katika mtaa wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Karatasi yangu ilikaa mfukoni mwa Mamere. Basi wakanitandikia mkeka chini ya kitanda cha Madamu, nilale palepale. Nikawa naenda kwetu Ijumaa tu. Halafu Ijumaa moja na kuruka nyingine. Halafu... Madamu alianza kukataa kula kila nilipotoka, na Mamere akanionyesha mikono ya yule bibi ilivyokonda, akaniuliza kama dhamiri yangu itakubali.

Arusi yetu ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena. Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Mtu anakushika mkono kwa mkono wake mmoja mzima, anakutazama kama wewe ndiye dunia yote iliyobaki... Nilijaribu kuondoka mara kadhaa. Nilifika mpaka ngazini nikamsikia anaita "Simone! Simone!", nikarudi.

Zaina ndiye aliyekuwa daraja langu. Alikuja kwenye ukuta wa nyuma, karibu na kamba za kuanikia mashuka, akanipa habari. Nyumbani alipika yeye. Ramazani akija kumsalimu Baba, yeye ndiye aliyempokea na kumpakulia. Nilimtuma amwambie anivumilie. Kila mara alinirudishia jibu lilelile tamu, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, anasema usiwe na wasiwasi. Anakungojea tu."

Nilimwamini. Si nilimlea mwenyewe?

Kisha Zaina akaacha kuja. Siku zikapita, nikaanza kuota ndoto mbaya. Nilimwomba Mamere ruhusa ya kwenda Kamalondo kuangalia tu, nirudi. Alisema Madamu ana homa, ningoje ipungue. Ilipungua. Akasema ningoje daktari apite. Daktari alipita...

Asubuhi moja nilikuwa naanika mashuka, akapita Baba Kabwe, zamu wa mlangoni, yaani mlinzi, mzee mmoja wa kabila la Walamba, mwenye adabu. Alivua kofia yake akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

"Pole, mwana," alisema. "Lakini nilitaka kukuuliza. Roho yako iko namna gani? Hata ku kilio cha baba yako haukuenda?"

Shuka lilinidondoka kwenye udongo.

"Kilio gani, Baba Kabwe?"

Alishtuka kuliko mimi. Alinieleza kwamba Zaina alikuja mlangoni akilia, kwamba Baba anaumwa sana, ananitaka. Yeye mwenyewe alimpeleka kwa Mamere. Baadaye alikuja tena, na safari hiyo kuleta habari ya kifo. Mara zote mbili Mamere alisema atanieleza. Mara zote mbili alirudi mlangoni na kusema: Mwamini amesikia, lakini amekataa kuacha mgonjwa wake.

Amekataa! Mimi! Baba yangu alikata roho akiambiwa kwamba nimekataa kuja...

Sikungoja ruhusa wala karatasi. Nilikimbia na aproni yangu kiunoni, nikavuka reli, nikaingia Kamalondo. Mafundi wenzake Baba walikuwa wamekaa barazani. Wote waliniona, hakuna aliyenyanyuka. Mmoja aligeuza uso na kutema mate pembeni. Baba alikwisha kuzikwa, na hata matanga yalikuwa yameanuliwa.

Ndani nilimkuta Zaina. Alikuwa amepaka hina mikononi, hina iliyoanza kufifia. Na kwenye msumari ambao Baba alitundika koti lake, lilitundikwa koti la kazi la mtu wa reli.

Wasomaji wangu, sikuuliza. Nilielewa mara moja.

Ramazani alitoka chumbani. Aliponiona macho yake yalijaa hasira kwanza, halafu mashaka.

"Zaina alituambia weye mwenyewe njo ulisema," alinijibu kabla sijafungua mdomo. "Asema ulitosheka na maisha ya bazungu. Asema umetubariki, mimi na yeye. Baba yako alikuwa anakufa, alitaka kuona ndoa ya mutoto moja tu mbele ya kufa. Ningefanya nini?"

Nikamgeukia mdogo wangu. Nilitaka akane. Nilimwomba Mungu akane!

Hakukana. Alilia, lakini alinitazama usoni.

"Yaya, uliniachia vyote," alisema. "Kuosha Baba, kumulisha, kumugeuza. Uliniachia jiko, uliniachia na huyu muntu, kila siku analia mbele yangu juu ya weye. Ulizani mimi ni nani? Na mimi nilikuwa peke yangu!"

Lile neno lilinichoma kuliko usaliti wenyewe. Mikono ile iliyosifiwa na watawa wote ilikuwa ikimgeuza bibi wa watu, wakati baba yangu mwenyewe anaoza mgongo Kamalondo. Lakini je, nilikuwa nimeambiwa? Nani aliniambia? Na yeye, mdomo uliobeba uongo kutoka ukutani mpaka barazani, ulishindwaje kubeba ukweli?

Sikumpiga. Wengi husema ningempiga. Niliomba nionyeshwe kaburi. Ramazani alinipeleka, akasimama mbali. Niliulalia ule udongo mwekundu mpaka aproni ikabadilika rangi, nikimwambia Baba kwamba sikukataa. Sikukataa! Atanisikia wapi?

Mnajua nilikwenda wapi baada ya hapo? Nilirudi kulekule kwa wazee! Nyumba ya Baba ilikuwa sasa ya maarusi. Barabara nzima ilinijua kama mtoto aliyemkana baba yake. Sikuwa na mlango mwingine wa kugonga. Ndiyo maana nasema kifungo si lazima kiwe na minyororo.

Nilimkuta Mamere kwenye varanda. Nilimuuliza kwa nini. Hakukasirika, hata sauti hakuinua.

"Kama ningekuambia, ungekwenda," alisema. "Na Madamu Irma angekufa."

"Baba yangu amekufa, Mamere."

"Baba yako alikuwa na bantu yake. Madamu hana muntu."

Ndivyo alivyopima, na kwenye mizani yake mimi sikuwa mtu. Nilikuwa chupa ya dawa, na chupa haiulizwi kama ina baba.

Niliendelea kumtunza Madamu. Nilimwosha bila kusema, nikamlisha bila kumtazama. Akiita "Simone" sikuitika. Nilijaribu kumchukia, wallahi nilijaribu.

Alasiri moja nilikuwa namchana nywele. Akanitazama, na macho yake yalikuwa safi, akili imerudi nyumbani. Aliniuliza kwa Kifaransa mimi ni nani.

Nilimwambia jina langu. Kwa mara ya kwanza alilitamka: "Mwamini." Aliuliza kama nina watu. Nikasema baba yangu amezikwa na sikuwepo. Akauliza kwa nini sikuwepo. Machozi yalinitoka yakaangukia nywele zake.

Alitazama dirisha lenye nondo, akautazama mkeka wangu chini. Akaniuliza polepole:

"Na wewe pia wamekufungia humu?"

Nililia siku ile kuliko nilivyolia kaburini. Bibi wa Kizungu aliyekufa nusu ya mwili ndiye pekee aliyeniuliza swali hilo katika ulimwengu mzima! Aliniwekea mkono wake mzima kichwani, akaniambia niondoke, nisimngoje. Jioni akili yake ilitoka tena, akaanza kuita binti yake... nami nikaitika. Nilikaa naye kwa hiari yangu sasa, mpaka alipofariki mvua za kwanza zilipoanza. Nilimfumba macho mimi mwenyewe.

Nilikuwa bado nakunja mashuka yake Mamere alipoingia. Alinipa pole. Kisha akasema katika chumba cha mwisho kuna bwana mmoja ambaye hali chakula kwa mtu yeyote, na labda kwangu...

Hakumaliza. Niliweka shuka kitandani, nikafungua aproni, nikaiweka juu yake. Niliomba karatasi yangu. Aliniuliza nitakwenda wapi, mimi ambaye sina mtu. Nikamwambia sijui. Baba Kabwe alinifungulia lango kubwa, lile la Wazungu, akalishikilia mpaka nikapita.

Nilikwenda Mokambo kwa shangazi yangu, nikauza vitumbua mpakani miaka mingi. Nilirudi Lubumbashi baada ya uhuru. Wanaume walikuja kunichumbia, lakini kila aliyeniambia hawezi kuishi bila mimi, nilimkimbia! Nacheka nikiandika hili, lakini si kicheko. Ramazani alifariki akiwa na wajukuu. Zaina yupo, tunasalimiana misibani, tunaulizana hali ya miguu, basi. Nimemsamehe? Kuna asubuhi naamka nimemsamehe, na mchana inakuwa bado.

Siku hizi watu huniita niwaonyeshe namna ya kumgeuza mgonjwa. Naenda. Ila jioni narudi kwangu, hata wanilipe nini.

Dada zangu, wanangu, ninyi mnaotunza wagonjwa mahospitalini na majumbani mwa watu, wapendeni kweli, kwa sababu wamefungwa kuliko ninyi. Lakini jihadharini na mtu anayewasifu huku ameshika ufunguo! Akikuambia hakuna mwingine awezaye kazi yako, mwulize kwa nini hamfundishi mwingine. Na habari za nyumbani kwenu usizitume wala usizipokee kwa mdomo wa mtu. Nenda mwenyewe, kaone kwa macho yako.

Kama baba yako anaumwa leo na unasoma haya ukiwa kazini, usimalize hata ukurasa mwingine. Vua aproni. Nenda!