Membe Hawakurudi

Kila Jumamosi asubuhi, msichana mmoja wa darasa la sita alibeba chupa ya chai na kumfuata shangazi yake kazini. Shangazi alikuwa mlinzi wa hifadhi ya membe, ndege wa baharini, ufukweni. Walikaa katika kibanda cha mbao na kuchungulia kupitia dirisha jembamba. Macho ya shangazi yalikuwa yameingia ukungu, hivyo mtazamaji alikuwa msichana, naye akabandikwa jina la Darubini.

"Haya Darubini, membe wangu wanasemaje?"

"Wanapiga kelele tu, shangazi. Kama darasa letu mwalimu akitoka."

Masika yote walitazama mvua. Kiangazi kilipoingia, membe walirudi kutaga mchangani, lakini safari hii walikuwa wachache mno. Shangazi alikosa raha, hata chai ikawa inampoa mkononi.

Jumamosi moja Darubini aliona seng'enge iliyozunguka viota imelala chini na mbwa koko wakinusanusa kati ya viota. Alifungua kinywa aseme. Akamwona shangazi ametega sikio, anangoja habari njema. Huruma ikamshika.

"Wamejaa tele, shangazi."

"Alhamdulillahi!" Shangazi akanywa chai yake ingali moto.

Wiki iliyofuata, mchangani palibaki maganda ya mayai na manyoya. Darubini aliangua kilio, akasema yote. Shangazi alitoka nje, akapiga magoti na kupapasa viota kimoja kimoja.

"Ungeniambia siku ile, ningeisimamisha seng'enge siku ile ile," alisema. Hakugomba, na hilo lilimuuma Darubini kuliko kiboko.

Siku hiyo walichimbia nguzo upya na kukaza waya mpaka viganja vikachubuka. Mbwa hawakuingia tena. Lakini kiangazi kingine kilipofika, ndani ya seng'enge ile imara palikuwa na mchanga mtupu.

"Unaona nini, Darubini?"

Uongo ulimjia mdomoni, mtamu na mwepesi. Akaumeza.

"Hakuna hata mmoja, shangazi."

Shangazi akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Ahsante, mwanangu. Ukinipa habari mbaya nitalia, kisha nitanyamaza. Lakini wewe ndiye macho yangu. Ukinificha, utanifanya nikae hapa nicheke huku membe wangu wanaliwa. Siku zote niambie unachokiona."

Akasogeza kikombe. "Sasa nimiminie chai, halafu utazame tena."

Darubini alitazama tena. Hapakuwa na kitu, naye akasema hivyo hivyo.