Pakiti ya Siku Nne

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Nzilani aliteka maji, akawafungulia kuku, kisha akaketi jikoni kungoja kikombe chake cha dawa. Mama yake, Katunge, aliinamia sufuria iliyokuwa na magome, mizizi na vijiti vya kahawia vilivyotoka kwa daktari Mchina kule Mlolongo. Moshi ulimtoa mama machozi. Macho ya Nzilani yenyewe hayakuhitaji moshi. Yalipepesa mara tatu, mara nne, kisha bega lake la kushoto likaruka juu na kurudi chini.

"Tulia basi," mama alisema.

"Si mimi, mwaitu. Ni lenyewe," Nzilani alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

Alikuwa amechoka kusema maneno hayo. Alianza kuyasema akiwa Gredi ya Nne, na sasa alikuwa Gredi ya Sita na bado anayasema. Aliyasema kwa wenzake waliomwigiza darasani. Aliyasema kwa Mzee Kisilu, jirani yao hapo Kalama, ambaye alimsalimia njiani, akajibiwa kwa bega, akaenda moja kwa moja kushtaki kwamba mtoto wa Katunge hana adabu. Kwa wazee wa huko, kumpandishia mtu mzima bega ni kumwambia kwamba maneno yake si kitu. Katika hospitali waliyokwenda mwanzoni, daktari aliwaeleza vizuri kwamba hiyo ni mishtuko ya misuli ambayo mtoto haiamrishi. Si mapepo, si utundu, na watoto wengi hupata nafuu wakikua. Sawa, lakini wakikua ni lini? Tamasha za muziki zilikuwa zimebakisha siku kumi na moja.

Tamasha ndizo zilizomnyima raha. Kundi lao la ushairi lilikuwa na watoto ishirini, na Nzilani ndiye aliyekuwa mghani mkuu. Sauti yake ilikuwa nzito na safi, na aliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote pale shuleni. Ila Jumatatu hiyo Mwalimu Ndunda alimwita kando baada ya mazoezi.

"Nzilani, sauti uko nayo, hakuna anayekataa," mwalimu alisema. "Lakini ukisimama mbele, watu wanatazama bega, hawasikii shairi. Nitangoja mpaka Jumatatu ijayo. Kama halijatulia, Kamene atachukua nafasi yako."

"Ninaenda kwa daktari kila Jumamosi, mwalimu."

"Najua. Basi mwambie daktari afanye haraka."

Nzilani alirudi nyumbani akipiga mawe teke njia nzima. Jumamosi tano sasa. Shangazi yake, Pauline, aliyepanga nyumba Mlolongo, ndiye aliyewaelekeza kwa Daktari Fang, mama wa makamo aliyeishi Kenya miaka mingi na kusema Kiswahili cha kueleweka. Daktari Fang alimlaza kitandani na kumdunga sindano nyembamba kama unywele, kichwani, sikioni, mikononi na miguuni, akaziacha hapo. Hazikuuma sana. Kilichouma ni kuambiwa alale nusu saa bila kutikisika, yeye ambaye tatizo lake lilikuwa kutikisika. Siku moja bega liliruka, sindano ikaanguka sakafuni, na Nzilani akalia kwa hasira. Daktari aliokota sindano ile, akaitupa, akachukua nyingine mpya bila kumgombeza.

Pamoja na sindano, daktari aliwapa pakiti saba za dawa kila Jumamosi. Na hapo ndipo palipokuwa na siri.

Siku ya kwanza mama alitoka nje kuongea na Pauline kwa simu, akamwacha Nzilani peke yake na daktari. "Pakiti moja, siku moja," Daktari Fang alisema, akiinua kidole. "Chemsha, kunywa, makapi tupa. Kesho pakiti nyingine. Mwambie mama."

Nzilani hakumwambia mama. Si kwamba alisahau. Kesho yake mama alichemsha pakiti ya kwanza, na dawa ile ilikuwa chungu kiasi cha kumkunja uso. Siku ya pili mama hakufungua pakiti mpya. Alirudishia maji kwenye makapi yaleyale na kuyachemsha tena, kama nyanya alivyomfundisha kuchemsha mizizi ya porini: mzizi hautupwi mpaka maji yaache kubadilika rangi. Siku ya pili uchungu ulipungua. Siku ya nne ilikuwa karibu sawa na kunywa maji ya moto. Nzilani akaona hiyo ni bahati yake, akafunga mdomo. Pakiti zilizobaki mama alizipanga kabatini, akijisifu kwamba dawa yao itafika Krismasi.

Kila Jumamosi, wakiwa wawili tu katika chumba cha sindano, daktari aliuliza, "Unakunywa pakiti moja kila siku?"

"Ndiyo," Nzilani alijibu.

Jumamosi ya sita walifika Mlolongo mapema. Mama alikuwa amenuna tangu Nzilani alipomweleza aliyosema Mwalimu Ndunda. Katika chumba cha kungojea walikuwamo wagonjwa wanne na Shangazi Pauline, aliyekuja kuwasalimia. Daktari Fang alimtazama Nzilani kwa muda mrefu, akahesabu mishtuko ya bega kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Hakuna mabadiliko," alisema. "Sielewi. Leo nitaongeza sindano. Na dawa nitabadilisha, nitatoa kali zaidi." Akaitoa kwenye droo, akaanza kuipima kwenye mizani iliyokuwa mezani.

Mama alisimama. Hasira aliyoibana wiki nzima ilimtoka mbele ya watu wote.

"Kali gani? Jumamosi sita tunatoka Kalama tunakuja hapa, mtoto anadungwa kama nguo ya fundi, na bega ni lilelile. Daktari, mimi nitasema ukweli. Dawa yako ni maji tu. Pauline, ulituleta kwa tapeli. Na hawa wamama waliokaa hapa wasikie, wasipoteze wakati wao."

Mgonjwa mmoja alichukua mkoba wake akasimama. Pauline akatazama sakafu kwa aibu. Uso wa Daktari Fang ulikuwa umebadilika, na Nzilani alimwona akikunja kitambaa mkononi na kukikunjua. Mtu yule alikuwa anatukanwa kwa kosa ambalo si lake. Na pale mezani dawa kali ilikuwa tayari kwenye mizani, kwa ajili ya mtoto aliyedhaniwa kwamba amekunywa ile ya kwanza yote. Nzilani aliogopa. Bega liliruka mara tatu mfululizo.

"Ni maji kweli, mwaitu," alisema. "Tunachemsha pakiti moja siku nne. Daktari aliniambia ni ya siku moja tu. Aliniambia nikuambie, na mimi nikanyamaza kwa sababu ni chungu."

Mama aliketi polepole.

"Na kila nilipouliza?" Daktari Fang alisema.

"Nilidanganya."

Nzilani alingoja kugombezwa. Daktari alivuta kiti akaketi mbele yake, magoti yao yakakaribiana.

"Mimi wiki tano nimetibu mtoto anayekunywa pakiti moja kila siku," alisema. "Mtoto huyo hayupo. Wewe, uliyepo, sijakutibu bado. Na leo ningekupa dawa kali, na labda ingekudhuru. Unaona hatari yake?"

Nzilani aliinamisha kichwa, machozi yakimdondoka. Mama aliomba radhi, akawageukia wale waliokuwa wakingoja akawaomba nao radhi, akisema kwamba nyumbani kwao mizizi huchemshwa hivyo na hakufikiri kuuliza.

Daktari alirudisha dawa kali kwenye droo. "Sasa tuanze upya, na ukweli. Sikuahidi kuponya. Sindano na dawa husaidia watoto wengine, wengine hazisaidii. Na hospitalini mrudi pia, muwaambie mnachokunywa hapa. Nzilani, niambie, bega linaruka sana wakati gani?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Nzilani alifikiri. "Nikiwa nangoja," alisema. "Nikisimama mbele kungoja kuanza. Na nikiambiwa nitulie. Nikishaanza kughani, halinisumbui sana."

"Hayo mwambie mwalimu wako. Yote."

Jumatatu Nzilani alimfuata Mwalimu Ndunda kabla hajaitwa. Alimwambia kwamba bega halijatulia na halitatulia kufikia siku ya tamasha, kwamba alikuwa hanywi dawa vizuri na akadanganya, na kwamba bega humsumbua zaidi akiwekwa mbele kungoja. Mwalimu alijikuna kidevu. Kisha akawapanga watoto upya: Nzilani hatasimama mbele. Atakuwa katikati ya wenzake, na atatoka akiwa tayari anaghani mstari wa kwanza.

Walijaribu mara moja tu. Bega liliruka mara moja, kwenye ubeti wa tatu. Kamene mwenyewe alisema, "Mwalimu, mwache huyu. Mimi siwezi hiyo sauti."

Siku ya tamasha kundi lao lilishika nafasi ya pili, likapita kwenda ngazi ya kaunti. Mama alikuwa amekaa nyuma ya ukumbi, na shairi lilipokwisha alikuja akamshika Nzilani mkono, wakatoka nje.

"Mimi nilikosa," mama alisema. "Nilipewa kitu nisichokijua nikakitumia kama kile ninachokijua, bila kuuliza. Lakini wewe ulijua, Nzilani. Ulijua, na ukaniacha nimtukane mtu mbele za watu. Uchungu wa dawa ni wa dakika moja. Anayekutibu hawezi kuona jikoni kwetu, anaona tu kile unachomwambia. Ukimdanganya, mwili wako ndio unaolipa."

"Nimeelewa, mwaitu. Wakati mwingine nitasema hata kama ni vibaya."

"Hapo hasa ndipo useme," mama alisema.